Bembea ya Farasi wa Mbao

Kimamba, Jumapili jioni, Juni 1974

Mkono niliunyoosha mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Mkutano uliamua bembea ya farasi wa mbao kule kwenye shamba la mkonge ing'olewe, pajengwe ghala la kijiji. Mimi mwalimu, ningeanzaje kukataa?

Baba aliipaka grisi kila Ijumaa, miaka yote, ili sisi watoto wa manamba, vibarua wa mkonge, tuzunguke Jumamosi.

Leo imeng'olewa. Jirani yetu Mama Zuhura akamtania Baba, "Mzee, farasi wako wamestaafu!" Watu wakacheka. Baba naye akacheka, nikadhani yamekwisha...

Nyumbani nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu."

Hajawahi kuniita mwalimu. Kwake mimi ni Tatu tu.

Kisha akanipa kopo lake la grisi. "Utapaka bawaba za ghala lenu."

Nikalipokea kwa mikono miwili.