Makro ya Siku Uliyomwonyesha Muthoni

Mama Njeri,

Ulijua mimi si mtu wa kuzungukazunguka, kwa hivyo nalisema mara moja: nina wivu. Hii ni wiki ya sita tangu tukuzike pale shambani kwako Kiganjo, na bado nina wivu kwa sababu ya kitu ulichomwonyesha Muthoni ukaninyima mimi.

Saiba, duka lako la kompyuta, bado tunafungua. Binti yako alisema tuendelee, mimi na Muthoni, mpaka aamue nani kati yetu atashika funguo. Tunachapa matangazo ya mazishi, kadi za harusi na fomu za shule kama kawaida. Kiti chako hakikaliwi. Siku moja Muthoni aliweka sweta yake pale, nikaitoa na kuitundika kwenye msumari wa mlangoni. Huyo msichana hasemi kitu, ndiyo shida yake.

Nilikuja kwako miaka saba iliyopita nikiwa sijui hata kushika mausi. Ulinifundisha kuchapa wasifu wa marehemu bila kuharakisha, maana ulisema familia itausoma miaka mingi. Na familia zilipenda siku itajwe. Si tarehe tu. Walitaka kujua kama mzee wao alizaliwa Jumatano au Jumamosi. Kalenda ya bucha pale ukutani haikufika huko nyuma. Ndipo ukatengeneza ile programu ndogo, makro: unaandika tarehe kwenye jedwali, unabonyeza kitufe, siku inajitokeza yenyewe. Nilipoiona mara ya kwanza nilipiga makofi. Nikakuomba unifungulie nione ndani.

"Ngoja kwanza, Wairimu."

Nikangoja. Akaja Muthoni kutoka Kutus na cheti chake cha kompyuta. Hata miezi mitatu haikuisha. Natoka kununua maziwa ya chai, nawakuta mmeinamia kioo pamoja, makro imefunguliwa wazi kama mlango wa kanisa. Mkanyamaza. Au labda hamkunyamaza, ni mimi niliyesikia hivyo. Chai ile sikuinywa, na wewe uliona.

Sasa nikuambie kuhusu tangazo lako. Najua hukuliona.

Binti yako alituomba tulitengeneze sisi. Muthoni akasema, "Wacha nifungue ile ya Mama, hiyo iko na kila kitu." Nikamwambia hapana, nitatengeneza makro yangu. Nilitaka cha mwisho utakachofanyiwa kwenye saiba yako kitoke mikononi mwangu. Nikakaa mchana mzima. Ukiiuliza kompyuta siku, inakupa nambari, moja mpaka saba, halafu wewe unaipa kila nambari jina lake. Nikaandika kama mtu yeyote wa kwetu: moja Jumamosi, mbili Jumapili, tatu Jumatatu. Nani angeandika vingine? Tumehesabu hivyo tangu tuzaliwe. Kumbe kompyuta huanza na Jumapili. Siku yako ikawa nambari sita, na sita kwenye orodha yangu ni Alhamisi.

Tulikuzika Ijumaa, Mama Njeri.

Kalenda ya bucha ilikuwa nyuma ya kichwa changu. Sikugeuka. Kugeuka kungekuwa kukubali kwamba sijui. Nikalituma tangazo kwenye vikundi vyote vya simu.

Shangazi yako wa Kangari hakuangalia tarehe, aliangalia siku. Alifika Alhamisi asubuhi na kitambaa chake cheusi kichwani, akakuta wanaume ndio kwanza wanapima kaburi kwa kamba. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Wairimu, kwani mnazika mtu na kaburi haiko?" Nilitamani nichimbiwe langu. Muthoni alilisahihisha tangazo kwa dakika tano, akalituma upya, na kila aliyeuliza akamwambia, "Ni makosa ya saiba." Hakunitaja. Nilimchukia kwa hilo kuliko kama angenitaja.

Jumatatu hii nilikuta karatasi chini ya kikombe changu. Ni mwandiko wa Muthoni: neno la siri la faili yako. Sikuwa nimemwomba. Nilingoja aende kula, nikafungua.

Unakumbuka ile mistari ambayo kompyuta huiruka, ambayo ni ya kusomwa na watu tu? Uliandika juu kabisa:

"Muthoni, hii kitu inaanza kuhesabu na Jumapili, si Jumamosi. Mimi nilikosea mara tatu. Wairimu pia atakosea, na hapendi kuonyeshwa. Usimcheke. Hii saiba nataka ikuwe yake, wewe umsaidie."

Nililia mpaka mteja akarudi nje. Muthoni alikuwa anajua tangu ukiwa hai. Angeweza kufuta mistari ile na funguo zingekuwa zake, wala nisingejua kamwe. Halafu, nikiwa bado napangusa macho, wivu ukarudi: hata maneno uliyoandika kunihusu, yeye ndiye aliyeyasoma kwanza. Ungeniambia mimi, Mama Njeri. Ningekasirika siku mbili, kisha ningekuja.

Binti yako sijamwonyesha. Nitamwonyesha, lakini nikiwa na Muthoni kando yangu. Na chini ya mistari yako nimeongeza wangu mmoja: "Kosa la Alhamisi ya shangazi lilikuwa la Wairimu." Jumamosi naenda Kangari kumwambia mwenyewe. Safari hii nimeangalia kalenda ya bucha.

Pumzika sasa. Nakuahidi makro yako sitamfungia mtu yeyote atakayetaka kujifunza, hata akiwa na cheti.

Sweta ya Muthoni nimeirudisha kwenye kiti chako. Nimeiweka kwa mkono wangu, na wivu bado ninao.

Wako,
Wairimu