Nakuandikia Wewe Mwenyewe, Baba

Kambini, Elisabethville
Msimu wa mvua

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa magoti, ingawa hunioni. Mgongo wako unaendeleaje, ule uliotoka nao mgodini? Mvua zimefika huko? Mihogo imeshika? Sisi ni wazima: mimi, mume wangu Kasongo, na mjukuu wako Kapinga ambaye bado hujamwona. Ameota meno na anauma kila kitu, hata kamba za turubai letu.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu nizaliwe sijawahi kukuambia jambo kubwa bila kupitia kwa shangazi. Nilipotaka kwenda shule, shangazi. Kasongo alipokuja kuniposa, shangazi tena. Ndivyo nilivyolelewa, na sikuona ubaya wowote. Lakini barua hii nitampa Mama Tshibola, jirani yangu, anayerudi Kasai na kundi linalotangulia, na nimemwambia aiweke mkononi mwako. Ulijifunza kusoma Kiswahili ulipokuwa mgodini, basi usimpe mtu akusomee.

Nyumba yetu ya Katuba tumeiacha. Tangu Katanga ijitenge na Kongo, mtu wa Kasai si jirani tena hapa mjini. Kasongo kazaliwa Katanga hii hii, lakini kwa kuwa ni Muluba wa kaskazini wamemweka fungu moja na sisi Waluba wa Kasai. Majirani wetu wema walikuja kutuambia tuondoke mchana uleule, kabla vijana wanaotufukuza hawajafika. Tukabeba masufuria, godoro na sanduku la vyombo vya useremala vya Kasongo. Sasa tunakaa katika kibanda cha matete na turubai, na askari wa Umoja wa Mataifa, wenye kofia za buluu, wanatulinda. Maji ni foleni, kuni ni ugomvi. Lakini tunakula, tunasali, na wanawake wa hapa hawajasahau kucheka.

Sasa wanatuandikisha ili turudi makwetu, na kila mtu lazima aseme anakwenda kwa nani. Hapo ndipo nilipokwama. Kwao Kasongo, upande wa Manono, kuna vita, na wazazi wake hatujui walikokimbilia. Kwetu uko wewe. Lakini mkwe kuishi uani kwa baba mkwe ni aibu kwetu, hata kula mbele yako hawezi. Akikosa mtu wa kumpokea Kasai, watampeleka kaskazini na mimi wanilete huko na mtoto, na hapo sijui tutaonana lini. Nilimtumia shangazi neno kwa watu waliotangulia, akulainishe. Akanijibu kwamba bado anatafuta siku nzuri ya kusema nawe. Nikatuma tena, naye bado anaitafuta siku hiyo. Nadhani hujaambiwa kitu.

Nilipoona njia ya kwako imeziba, nilimwendea katekista wetu, Mwalimu Eliya, aniombee kwa Mungu moyo wako ulegee. Kambini wote tunafanya hivyo. Baada ya ibada ya jioni wanawake wanapanga mstari mbele yake kama mbele ya ofisi, kila mmoja na shida yake, na kitu kidogo cha kumfungulia mdomo, kama tunavyofanya kwetu tukienda kwa mkubwa. Mimi nilimpelekea kipande cha makayabu, samaki yule wa chumvi. Alikipokea, akakinusa, akamwita mkewe akipike. Kisha akanigeukia.

"Mama Kapinga, samaki tutakula. Lakini ile maombi, enda nayo weye mwenyewe."

"Miye niko muntu mudogo, Mwalimu," nikamwambia. "Weye ndiye unajuaka kusema naye."

"Miye haiko planton ya Mungu."

Baba, unawakumbuka maplanton, wale waliokaa mlangoni kwa ofisi za wazungu wakizuia watu.

"Yesu alisha kufungua mulango," akaendelea. "Weye unasimama inje na makayabu mu mukono, unangojea nani?"

Wenzangu kwenye mstari waliangua kicheko. Niliona haya, na sikufichi, nilikasirika pia. Nilirudi kibandani nikisema moyoni kwamba Mwalimu sasa amekuwa mvivu, na samaki wangu amemla bure.

Kesho yake nilikuwa nafua nguo za mtoto, nikajaribu kuomba mwenyewe. Nilianza kwa majina makubwa makubwa, kama wazee wanavyomsifu chifu kabla ya kueleza shida. Nikayapanga mpaka yakaniishia, nikabaki na povu mikononi. Halafu nikasema tu kwamba nimechoka, kwamba nataka twende nyumbani sote watatu, kwamba asikubali tutenganishwe. Basi, hayo tu. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Lakini woga ulinitoka, Baba, na nikajua nimesikiwa. Nililia kidogo, nikamalizia kufua.

Nilimweleza Mwalimu. Akasema ujasiri huo hautoki katika usafi wetu, maana hata yeye hana wa kutosha. Unatoka kwake yule aliyeishi kama sisi, akaona njaa, akalia, akafukuzwa kwao, na sasa yuko karibu na Baba yake akitungoja tuseme. Neno hilo nimelibeba siku hizi zote. Kama mbele ya Mungu naweza kwenda na povu mikononi, kwa nini wewe nikuogope? Huenda umekaa miaka yote hii ukingoja mmoja wetu akusemeshe.

Kwa hiyo nasema mwenyewe. Utupokee, Baba, sote watatu. Kasongo atajijengea pembeni, mbali na mlango wako, na atakula kivyake. Heshima yako haitaguswa. Mikono yake inajua mbao, hatakulemea. Yeye anaona aibu hata mimi kuandika haya, na amekaa nje ili asinione nikiandika. Nimekukumbuka sana. Sijawahi kukuambia kwamba nakupenda, kwa kuwa hilo nalo ningelipitisha kwa shangazi. Nakupenda.

Nisalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, na mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa lazima ana ndevu. Nisalimie bibi, mwambie Kapinga amechukua paji lake la uso. Na shangazi umsalimie kwa upendo wote. Mwambie sijamkasirikia, apumzike, nimemchosha tangu utoto.

Nilitaka kufunga hapa, lakini kabla Mama Tshibola hajaichukua barua tumeitwa mezani kuandikishwa, nami nimerudi kuongeza. Karani aliuliza tunakwenda kwa nani. Kasongo aliangalia chini. Nikataja jina lako na kijiji chetu, kwa ajili yetu watatu.

"Anajua kama munakuya?" karani akauliza.

"Hapana, hayajua bado."

Akaiinua kalamu yake. "Sasa namna gani, mama?"

"Iko baba yangu," nikamwambia.

Akaandika.

Binti yako,
Ngalula