Mwigizaji aliyenisuta mbele ya mama

Jumapili. Rasharasha tangu alfajiri, Walthamstow yote, mtaa wetu huku London, imelowa, na mimi leo sina shifti. Afadhali ningekuwa nayo.

Wiki tatu nimemdanganya mama yangu.

Hospitali waliponiuliza kama waite mkalimani, nilisema hakuna haja, mimi ni binti yake na Kiingereza nakijua. Daktari akasema saratani imeshafika kwenye ini, haina tiba tena, na kama mama anataka kwenda kwao Tanga asicheleweshe safari. Mimi nikamgeuzia mama maneno: ni vidonda vya tumbo, utakunywa dawa, utapona inshallah. Nilijiambia ni huruma. Mungu anisamehe, ulikuwa woga.

Leo baada ya adhuhuri tulikaa kwenye kochi, blanketi moja, tukaangalia filamu ya zamani ya Hollywood, zile za rangi nyeusi na nyeupe. Hadithi yenyewe nyepesi tu: mjane muuza kofia anampenda bwana mwenye mke wake. Bwana mwenyewe mkavu kama gogo. Lakini yule mwigizaji wa kike, jamani. Anavua glavu tu, na wewe unaacha kutafuna.

Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo huwa namtafsiria. Sasa mambo ya mume wa mtu mbele ya mzazi nikaona haya, nikasema yule bwana ni kaka yake.

Mama alicheka mpaka akashika tumbo. "Kaka gani anaangaliwa hivyo? Wewe nawe, una miaka hamsini na mbili bado unanionea haya."

Nikacheka na mimi.

Ikafika mahali bwana anaaga pale dukani, anaahidi kurudi wiki ijayo. Mwanamke hasemi neno. Anamfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, anatabasamu, na macho yake yameshakufa. Nikatafsiri kama nilivyosikia: atarudi wiki ijayo.

"Harudi," mama akasema taratibu. "Na huyu mwanamke anajua kwamba harudi."

Kisha, bila kuyatoa macho kwenye TV: "Hata wewe siku ile kwa daktari ulitabasamu hivyo hivyo. Alisema nini, Mwanaidi?"

Nikamwambia. Yote, pamoja na ile habari ya safari.

Hakulia. Aliitazama filamu mpaka ikaisha; mimi sijui hata iliishaje. Ndipo akasema, "Wiki tatu zilizopita nilikuwa napanda ngazi mwenyewe."

Ni kweli. Sasa analala sebuleni, na kwenda msalani mpaka nimshike kiuno.

Dada yake yuko Muheza, huko huko Tanga, wamebaki wawili tu kwa mama yao. Mama anataka kujua kama bado anaweza kupanda ndege akamwone. Sijui nimjibu nini. Zile wiki nimezila mimi.

Alasiri amesali amekaa, peke yake, hakuniita. Angenitukana ningeumia kidogo kuliko hivi.

Kesho asubuhi nitapiga simu hospitali niombe mkalimani. Mama aulize swali lake mwenyewe, ajibiwe mwenyewe. Mimi nitakaa pembeni, mdomo nimefunga, nimshike mkono.

Akikubali kunipa.