Nyeupe ya Yai

Majengo, Nyeri

Mdogo wangu Jannat,

Baridi ya huku imezidi. Siku hizi nakaanga nyeupe ya yai pekee, bila chumvi. Nesi aliniambia, "Mama, hiyo iko na protini, na haitasumbua figo yako." Ndiyo, ni figo. Tangu Machi nasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungeacha kazi huko Doha.

Viini nilikuwa nikimpa jirani yangu, Mama Zubair, tukila pamoja. Juzi amehamia Kutus kwa binti yake. Leo nimekula nimesimama jikoni. Sikuweza kukaa mezani peke yangu.

Sikuombi urudi. Uwe ukiniuliza tu kama nimekula.

Ni mimi dadako,
Waridi