Barua ya Dar Niliyokusomea Vibaya

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimeandika hiyo salamu halafu nikasubiri marahaba yako, ile ya kuvuta. Haikuja. Basi naendelea.

Ulijua. Kumbe ulijua siku zote. Nimelijua hilo jana jioni, utanisamehe mwandiko. Najua hujawahi kuuona mwandiko wangu, ulikuwa unaniuliza tu kama nimenyoosha mistari. Leo sijanyoosha.

Acha nieleze kama ulivyonifundisha nikibabaika kukusomea: "Pumua, Edina. Rudi mwanzo wa mstari."

Leo ni siku ya thelathini na tisa tangu tukuzike. Bibi bado anakuwekea kikombe, halafu anakigeuza juu chini. Fimbo yako nyeupe iko nyuma ya mlango na hakuna anayeigusa, hata wa kufagia anafagia kwa kuizunguka. Foleni ya malori ya mpakani siku hizi inafika mpaka kwetu, na kila lori likishika breki najikuta nasubiri useme ni aina gani. Kesho ni arobaini. Ndugu wanakuja, wengine kutoka Iyula, wengine wanavuka mpaka kutoka Nakonde, na baada ya ibada vitu vyako vitagawanywa.

Baba amerudi safari na ameshavipanga. Redio ni ya Bibi. Koti ni la baba mkubwa. Ilipofika zamu ya laptopu yako, akaiwasha mbele ya watu, kioo kikabaki cheusi. Akasema, "Mnaona? Hata hii imemfuata." Bibi akasema, "Kitu hakiwaki, mnakitunza cha nini?" Wakakubaliana fundi wa Nakonde aje kuichukua kesho kwa ajili ya vipuri.

Mimi nilikuwa nimeshika trei ya chai. Nilijua haijafa. Nilijua kioo kilikufa kabla hujainunua. Nakumbuka siku ile uliporudi nayo kutoka ng'ambo ya mpaka, jirani akasema kipofu kauziwa kompyuta kipofu, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. "Muuzaji anadhani amenipiga," ulisema. "Kioo nakifanyia nini mimi?" Hapa nyumbani wote waliamini uliibiwa, na kwamba zile hedifoni ulizivaa kusikiliza redio tu. Nilitakiwa kusema neno moja. Unanijua. Mbele ya watu sauti yangu inarudi tumboni. Nikaenda kuosha vikombe.

Jana akaja dada Subira, mwanafunzi wako wa Alhamisi ambaye hapa walidhani anafuata redio, yule anayeuza vitenge karibu na kizuizi cha mpakani. Alikuja peke yake kwa fimbo, akauliza, "Kompyuta ya mwalimu iko wapi? Nimeacha somo katikati." Nikamwambia imewekwa kwenye boksi, kesho inakwenda kwa fundi. Akashangaa. "Inaumwa nini?" Nikamwambia haionyeshi kitu. Akasema, "Mdogo wangu, lini imewahi kuonyesha?"

Tukaenda chumbani kwako. Nilitaka kufungua dirisha, akasema, "Mwanga wa nini? Nyie wenye macho mnataka kuona kila kitu kwanza." Akanikalisha. Akachukua vidole vyangu viwili vya shahada, akavitembeza juu ya kibodi mpaka kwenye vile vivimbe vidogo vya herufi mbili za katikati. "Hapa ndipo nyumbani. Ukipotea, rudi hapa." Upande mmoja wa hedifoni akaweka sikioni yeye, mwingine mimi. Akabonyeza, tukasubiri.

Halafu yule mzungu wako wa ndani ya kompyuta, anayesoma kwa sauti kilichoandikwa, akaanza kuongea. Baba mdogo, nilikuwa sijawahi kumsikia. Mwaka mzima mnakaa naye chumbani na mimi sijawahi kuziomba hizo hedifoni, kwa wivu. Uliniambia ana mafua, na kweli anaongelea puani. Kiswahili anakivunja vibaya, lakini Kiingereza kinatoka vizuri. Kabla yake, hapa ndani, Kiingereza chako nilikusomea mimi, kwa kuwa nilisoma Nakonde, shule za Kiingereza, miaka minne kwa mama mkubwa. Shuleni sijawahi kunyoosha mkono. Kwako nilikuwa nasoma mpaka koo linakauka.

Ndiyo maana nilifanya nilichofanya. Hujawahi kunisikia nikikisema, nakisema sasa.

Mwaka juzi, kwenye kafe ya intaneti karibu na stendi, ile barua ya chuo cha Dar haikusema nafasi zimejaa. Ilisema umepata. Miezi sita, kujifunza kompyuta inayosoma kwa sauti, halafu urudi huku kufundisha wenzako wasioona. Niliisoma yote kimya kwanza. Karibu na mwisho palikuwa na mstari unaosema ukimaliza hutahitaji tena mtu wa kukusomea. Nikausoma mara mbili. Wewe umekaa pembeni, umeshika goti, unasubiri. Nikasema, "Wamesema nafasi zimejaa, labda mwakani." Ukasema, "Haya." Tukatoka. Ukaninunulia soda, na mimi nikainywa yote.

Miezi michache baadaye yule mgeni wa Mbeya aliyejua kompyuta za wasioona akakuletea mzungu kwenye CD, akakufundisha wiki moja, mengine ukayapata mwenyewe kwa kubonyeza na kukosea. Ukanunua modemu. Mimi sikuogopa. Nilidhani barua za kafe zinabaki kafe, ndani ya ile kompyuta ya kwenye kona tuliyozoea kukaa. Sicheki ninapoandika hivi. Nilikuwa napita mbele ya ile kafe nikiwa na amani kabisa, naona siri yangu imefungiwa mle ndani.

Jana dada Subira alinionyesha mshale wa kushuka. Kila nikibonyeza, mzungu anataja barua moja, nani ameituma na inahusu nini. Nikashuka, nikashuka. Akataja chuo cha Dar. Nikaganda. Dada Subira akadhani nimepotea, akanibonyezea. Na yule mzungu akaanza kuisoma, barua ileile, bila kuruka neno, mpaka kwenye mstari wa mtu wa kukusomea. Aliusoma kwa sauti ileile ya mafua kama anasoma bei ya vitunguu.

Chini yake lilikuwepo jibu lako. Uliwaandikia ile Krismasi ya modemu. Unaomba radhi kwa kuchelewa. Unasema barua ilifika salama, kosa ni lako, hukuifuatilia. Unasema nyumbani una msomaji mzuri, ila ungependa na wewe ujisomee. Unaomba upewe nafasi tena.

Msomaji mzuri.

Na mimi nikakumbuka kitu. Mwezi wa pili mwaka huu, unachambua maharage na Bibi uani, uliniita. "Edina, ile barua ya Dar ilisemaje vile? Nikumbushe." Nikakwambia vilevile, bila kubabaika, nafasi zimejaa, labda mwakani. Ulikaa na harage moja mkononi, ukiligeuzageuza. Halafu ukasema, "Haya. Asante mwanangu." Nikadhani umesahau. Umesahau vipi, na ulikuwa umeshaisikia kwa masikio yako? Ulikuwa umenifungulia mlango nitoke. Na mimi nikaufunga kwa ndani. Sijui hata nisemeje, Baba mdogo. Miezi yote ile baada ya hapo ulikula na mimi, ukaniuliza masomo, ukacheka na mimi. Hukunikasirikia hata siku moja. Au ulikasirika peke yako humo chumbani, kioo cheusi, hedifoni masikioni. Hilo sitalijua.

Haikuishia hapo. Dada Subira alikuwa amekuja na modemu yake, akaichomeka. Ikakoroma, halafu mzungu akatangaza kuna barua mpya moja. Imetoka chuo cha Dar. Imeingia siku ya sita baada ya kukuzika. Wanafurahi kukukaribisha. Masomo yanaanza Januari. Usiogope safari, utapokelewa stendi.

Sikulia. Nilidhani nitalia. Nilikaa tu, vidole kwenye vile vivimbe viwili.

Dada Subira Kiingereza chake ni cha kuuzia Wazambia. Akaniuliza, "Wamesemaje?" Baba mdogo, nakwambia ukweli wote: uongo ulikuja wa kwanza. Ulikuwa tayari mdomoni, umeshapangwa vizuri. Nikaumeza. Nikamwambia, "Wamempa nafasi." Akashika kifua. Akauliza, "Na ile ya zamani, uliyogandia?" Nikashindwa. Akasubiri, kama ulivyokuwa unasubiri wewe, halafu akasema, "Haya, kanywe maji kwanza." Mtu asiyeona ananiambia nikanywe maji, kwa sababu alisikia nilivyokuwa navuta pumzi.

Kama ningesoma kilichoandikwa, ungeenda, ungerudi, na chumba hiki kingekuwa na watu sita kila Alhamisi, wala si mmoja. Hata siku presha ilipokupanda tukakukimbiza hospitali Vwawa, ungekufa ukiwa tayari umeyapata hayo. Nilikuibia. Sina neno jingine.

Nakuaga sasa, Bibi ananiita kukoboa mahindi ya kesho. Lala salama, Baba mdogo. Lala umenyoosha miguu, kile kitanda cha hapa kilikuwa kifupi kwako.

Ninachokuahidi ni hiki. Kesho, baada ya ibada, kabla fundi hajafunga boksi, nitasimama. Baba atakuwepo, Bibi, baba mkubwa, watu wa Iyula, watu wa Nakonde, na dada Subira nimemwomba awahi. Nitaweka kompyuta kwenye mkeka, kioo hicho hicho cheusi, nivae hedifoni. Mzungu atasoma sikioni mwangu na mimi nitasema kwa Kiswahili. Nitaanza na barua ya kwanza, pamoja na ule mstari, halafu nitawaambia mimi nilisoma nini siku ile. Kisha jibu lako. Kisha hii mpya. Nikimaliza nitawaomba kompyuta ibaki kwa dada Subira, na chuo nitawaandikia mwenyewe kwamba umefariki, na kwa nini hukwenda mara ya kwanza, niwaulize kama nafasi yako dada Subira anaweza kuiomba.

Wataninyamazia, au baba atanipiga, sijui. Nikibabaika nitapumua. Nitarudi mwanzo wa mstari. Siruki kitu.

Mwanao,
Edina