Nyumba ya Milango Mirefu

Jumatatu, 4 Machi

Niwie radhi, daftari langu. Miezi mitano sijakufungua. Niliwafundisha watoto wa watu kwamba asiyeandika hujisahau, kisha mimi mwenyewe nikanyamaza. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na la maana, basi.

Leo lipo. Barua ya shule imefika. Mimi nimestaafu, nyumba ya mwalimu mkuu inatakiwa na mwalimu mkuu. Haki yao. Tuwe tumehama kabla ya mwisho wa mwezi. Miaka ishirini na sita humu!

Mke wangu aliisoma akiwa mlangoni, shingo ameiinamisha kama kawaida, maana fremu ya mlango humgonga kwenye paji la uso. Ni mrefu mno. Mimi namfika kwapani.

"Safari hii, Mwalimu," akasema, "tutafute nyumba ya kunitosha na mimi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 6 Machi

Dalali ametuonyesha nyumba tatu. Mtu mzima, mdomo mwepesi. Ya kwanza, bomba la kuogea lilimfika mke wangu kifuani. Akasema kichwa atakifua siku ya kufua nguo. Ya pili, feni ya darini — nilipiga kelele akiwa hatua moja tu! Dalali akamwomba radhi: feni haijazoea wageni wa ghorofani.

Ya tatu ilijengwa na seremala, sasa ni marehemu, aliyekuwa mrefu kupita kiasi. Alijijengea mwenyewe. Milango, sinki, kioo, makomeo — vyote kwa kimo chake. Warithi wanaipangisha.

Mke wangu aliingia bila kuinama. Chumba baada ya chumba, shingo ikawa inapanda. Nilidhani kibyongo kile ni uzee. Kumbe si uzee! Alisimama kwenye sinki, mgongo umenyooka, akafungua maji, akafunga, akafungua tena. Macho yake yalikuwa ya msichana.

Mimi kioo cha bafuni kilinionyesha upara tu. Komeo la mlango sikulifikia. Dalali akaona. "Mzee, hapa utahitaji kigoda! La sivyo mama atakuwa anakufungulia na kukufungia kama chekechea."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko hicho sijakisikia miaka. Na mimi nikaonyesha meno. Meno tu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefanya jambo.

Niliaga naenda kununua gazeti. Nikaenda ofisini kwa dalali — meza moja, viti viwili, kalenda ya mwaka juzi. Nikamwambia, mke wangu hakuipenda ile ya seremala. Akashangaa: mbona alicheka vile? Nikamjibu kwamba mke wangu hucheka kwa adabu.

Nyumbani nikasema imeshachukuliwa na wengine.

Uongo mara mbili kabla ya saa nne asubuhi. Na kuna watoto niliowachapa kwa mmoja!

Hakulalamika. "Haikuwa riziki yetu," akasema. Akatoka kwenda jikoni. Akainama mlangoni.

Jumapili, 10 Machi

Nyumba ya nne. Karibu na soko, safi, milango ya kawaida. Nilikuwa navisifu vyumba vyake niliposikia — pu! Mlango wa uani. Damu ikamshuka mke wangu hadi kwenye nyusi. Dalali alitoa leso yake kabla mimi sijatoa yangu.

Akaketi kwenye ngazi, leso kichwani. "Kama wewe umeipenda, tuichukue. Nitainama. Nimezoea."

Mchana nimeanza kufunga mizigo. Nimeshusha picha za ukutani, kumi na moja. Ya harusi. Ya kupandishwa cheo. Za mahafali ya watoto. Nikazipanga sakafuni. Katika zote mke wangu ameketi. Mimi nimesimama, mkono begani mwake. Zote!

Hakuna mpiga picha aliyebuni hilo. Nakumbuka sauti yangu mwenyewe: "Mama akae."

Wanafunzi walimwita Mlingoti. Mimi wakaniita Nusu Mlingoti. Niliadhibu darasa zima kwa ajili ya jina hilo. Walifyeka majani siku mbili. Nilisema nawafundisha kumheshimu mama yao. Si kweli. Jina la mke wangu nililijua muhula mzima, sikumgusa mtu. Niliwaadhibu siku niliyolisikia langu.

Jumanne, 12 Machi

Simu imelia nikiwa naoga. Mke wangu akapokea. Sauti ya dalali ni kubwa. Nilisikia kila kitu kupitia mlango. Anasikitika kwamba mama hakuipenda ile nyumba ya seremala, bado iko wazi, warithi wamekubali hata kuipaka rangi —

Nikafunga bomba.

"Ndiyo, ndugu yangu," mke wangu akasema. "Kweli kabisa. Sikuipenda."

Akamshukuru. Akamuuliza hali ya watoto wake. Mimi nimesimama na sabuni masikioni, mtu mzima, mkuu wa shule!

Wakati wa kula alingoja niweke kijiko chini. "Kwa mtu wa nje nimekusitiri, Mwalimu. Humu ndani utanieleza mwenyewe. Sikuharakishi."

Miaka arobaini nimehutubia gwaride la asubuhi bila karatasi. Leo nilisema chai imekolea.

Jumatano, 13 Machi

Saa tatu asubuhi. Amevaa viatu vyake vya kutokea, plasta kwenye paji la uso. Kwapani kigoda cha jikoni.

"Naenda kwa dalali kumwambia nimebadili mawazo. Kisha naenda kule kuitazama tena. Ukija, njoo na maneno yako. Usipokuja, nitakuwa nimeyasikia."

Nikauliza kigoda cha nini.

"Chako hiki. Tangu siku ile nilikuwa nimeshakipangia mahali, chini ya lile komeo." Akanitazama, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. "Mimi mbona nimeinama miaka yote, sikufa?"

Akatoka. Akainama mlangoni, kisha barabarani akanyooka.

Nimeandika mara tatu nitakalomwambia, nimelikata mara tatu. Nilitaja soko. Nilitaja magoti yangu, kwamba hayawezi kupanda kigoda. Hili la nne silikati: nilimwonea aibu mke wangu. Mbele za watu, mbele ya kamera, tangu siku ya harusi.

Kiatu kimoja nimevaa. Dirishani bado namwona. Amefika kwenye kona, amesimama, anahamishia kigoda kwapa la pili. Yatakayoamuliwa — na mwamuzi safari hii ni yeye — nitayaandika humu yalivyo, hata yakiwa ya kuniumbua.

Hajageuka.