Si Vidole vya Shangazi

Chumba cha nyuma, nyumbani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Binamu,

Hujambo na baridi ya huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa huku ukikimbia dawa kama zamani? Sisi tu wazima. Bibi goti linamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Najua mama yako amekuambia anaacha kazi ya zahanati kwa sababu ya macho. Tafadhali usimwambie nimekuandikia haya, lakini si macho. Daktari mkuu alimwambia mbele yetu sote kwamba foleni haisogei kwa sababu ya vidole vyake, na kwamba mwisho wa mwezi atamweka mtu mwepesi zaidi. Nilikuwepo, maana tangu nimalize shule najitolea naye pale mapokezi. Shangazi alicheka tu. Tulipofika nyumbani hakula.

Basi nikaanza kuchunguza. Shangazi akiandika jina la mgonjwa kwenye kompyuta, faili lilikawia kufunguka mpaka mgonjwa anarudi kukaa. Siku moja mgonjwa mmoja aligeuka kuuliza tarehe yake ya kurudi, shangazi akaandika jina lile lile, faili likaja papo hapo. Vidole ni vile vile! Mchana wenzangu walipokwenda kula nikajaribu mwenyewe. Jina jipya, inakwama. Nikilirudia, chap! Nikifungua mengine mengi kisha nikirudi kwa lile la kwanza, inakwama tena, na taa ya diski kwenye ile kompyuta kubwa ya pembeni inawakawaka bila kupumzika. Kwa nini isahau kitu ilichokijua muda mfupi tu uliopita? Nililala na swali hilo.

Unanijua, kuongea na watu kwangu ni mlima. Fundi wa kompyuta alipokuja nilisimama mlangoni mpaka akaniuliza, "Mdogo wangu, unalinda mlango au una neno?" Nikamwonyesha badala ya kusema. Akaacha kutafuna karanga zake. "Hebu rudia."

Akaifungua seva, ile kompyuta inayotunza mafaili yote, akanionyesha kuwa memori imejaa pomoni. Alinieleza kwamba memori ni kama meza ya kazi, na diski ni stoo. Zahanati ilipoanza, mafaili yanayotumika yalienea mezani. Wagonjwa wameongezeka, meza ni ile ile, kwa hiyo kila faili likija lazima jingine liondolewe, na mashine inashinda njiani kwenda na kurudi stoo. Nilimuuliza maswali mpaka akasema, "Hivi kweli wewe ndiye wanayekuita Kimya?"

Alimweleza daktari mkuu mambo yote shangazi akiwepo, na Alhamisi memori ikaongezwa. Daktari akakohoa kidogo. "Mama, lile neno la vidole nimelifuta."

"Umelifuta upesi kweli, daktari," shangazi akamjibu. "Mimi ningekawia."

Tulicheka mpaka wagonjwa wakachungulia dirishani. Haachi kazi, Binamu.

Ila nikuambie ukweli. Siku hizi faili linakuja kufumba na kufumbua, na mama yako bado anatafuta herufi mojamoja kwa kidole kimoja. Sasa mashine ndiyo inayomsubiri, naye wala hana habari.

Msalimie sana wifi, na umbusu mtoto mashavu yote mawili. Bibi na baba wanawasalimu. Mungu awafunike huko mliko.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,
Kimya